Mikono Miwili, Hesabu Mbili

Sisi ni mke na mume. Tulifunga ndoa mwaka 1991, mmoja wetu akitokea Kaisho na mwingine karibu na Kayanga, na wakati huo kote kuliitwa Karagwe. Tangu mwaka 2012 upande wa Kaisho umo katika Wilaya ya Kyerwa, na baba wa nyumba hii hupenda kuwaambia wageni kwamba serikali ilimfanya aonekane ameoa ng'ambo. Makala haya tumeyaandika wawili, tumekaa meza moja, na pale tuliposhindwa kukubaliana tumeacha hivyo hivyo.

Tunalisema hilo mapema kwa sababu ipo miezi saba, kuanzia Desemba 2022 hadi Julai 2023, ambapo neno "sisi" tulilitumia kanisani na mbele ya wageni tu. Ndani ya nyumba kila mtu alisema "mimi." Wazee walikwisha kuja wakakaa, wakanywa chai, wakaondoka. Kilichotuketisha tena meza moja, akina mama wenzetu, ni kipande cha muziki wa piano cha dakika mbili na nusu hivi, kilichotungwa mwaka 1985 na mtu wa Ulaya ambaye hatukuwa tumewahi kusikia jina lake.

Binti yetu wa mwisho alianza kushika kinanda cha kwaya akiwa darasa la sita. Kilikuwa kile kidogo cha umeme, chenye ngoma ndani yake, ambacho ukibonyeza mahali kinajipigia chenyewe. Hakuna aliyemfundisha, alijifunza kwa kuchungulia begani kwa mwalimu wa kwaya. Alipomaliza kidato cha nne akapata nafasi katika chuo cha uuguzi. Tulimshukuru Mungu, tukauza kahawa, tukauza na ndama, tukalipa. Mwaka wa kwanza ukapita vizuri. Wa pili tukalipa tena.

Krismasi ya mwaka 2022 alikuja nyumbani. Siku ya tatu, akiwa anamenya ndizi, alisema bila kuinua macho kwamba chuoni hakurudi tangu Oktoba. Alikuwa mjini akijifunza piano kwa mwalimu mmoja, na fedha ya ada ndiyo iliyomlipa mwalimu huyo.

Baba wa nyumba aliweka kikombe chini akatoka kwenda migombani. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Ninyi mnaijua hali hiyo. Mtoto amekosa, tena kwa uongo. Baba ana haki ya kukasirika, na mama naye amekasirika. Lakini usiku mama huyo huyo analala akitega sikio kama mtoto analia. Baba alitoa amri moja: arudi chuoni, ama asihesabu kwamba ana mtu wa kumlipia kitu chochote. Mama aliitikia mbele ya mtoto. Moyoni alikuwa na hesabu nyingine.

Hapa mmoja wetu lazima akiri. Mama wa nyumba alikuwa ameweka fedha ya maharage katika kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Fedha hiyo ilikuwa ya mabati ya jiko la bibi, mama mzazi wa baba, jiko ambalo mvua ikinyesha ilibidi upike umeinama upande mmoja. Mwezi wa Machi aliitoa yote, akaongeza mkopo, akamwagiza mtu Bukoba amnunulie kinanda kilichotumika, cha vibao 61. Alidhani atakwenda kukipokea mwenyewe kikishushwa kwenye basi. Kumbe wakala wa basi, kwa wema wake wote, aliona jina la ukoo kwenye boksi akampigia simu baba: "Mzee, mzigo wako umefika."

Alikileta nyumbani kwa pikipiki, akakiweka mezani, akasema, "Mabati yamefika, mama watoto." Baada ya hapo tulisemezana habari za chumvi na za ng'ombe tu.

Binti alilima, alichuma kahawa, aliteka maji. Usiku alivaa vile visikilizio vya masikioni na kupiga vidole vyake mezani, gizani, mkono wa kulia ukienda upesi kuliko wa kushoto kama watu wawili waliogombana njiani. Kinanda chenyewe hakuthubutu kukigusa baba akiwapo. Jirani mmoja alituuliza kwa upole kama tumempeleka hospitali.

Basi ikafika Julai, kahawa imeanikwa kwenye mikeka, na jioni tunaichambua uani. Umeme ulikatika. Bibi, ambaye umri wake umepita miaka 80, akamwambia mjukuu wake: "Hicho unachokisikiliza peke yako kila siku kina nini hata sisi tusikisikie?" Mtoto akamtazama baba yake. Baba hakusema kitu. Akachomoa vile visikilizio, akaiweka simu ndani ya sufuria tupu ili sauti ikue.

Tuseme ukweli. Ilikuwa kama vyombo vyote vya nyumba vimeporomoka kabatini, halafu vikaendelea kuporomoka. "Hiyo ndiyo ada yangu?" baba akauliza, na hilo lilikuwa swali lake la kwanza kwa binti yake kwa muda mrefu. Lakini bibi aliinua mkono.

"Nyamazeni. Ni wawili hao. Mmoja anamkimbia mwenzake."

Binti akaanza kulia, kwa maana ndivyo kilivyo.

Tutaeleza kama tulivyoelezwa. Aliyekitunga ni György Ligeti, Mhungari wa uzao wa Kiyahudi, aliyezaliwa mwaka 1923 katika nchi ya Romania na kufariki Vienna mwaka 2006. Alitunga mazoezi 18 ya piano, na hili ni la kwanza kabisa. Jina lake kwa Kifaransa ni Désordre, yaani vurugu, mambo kutokukaa katika mpango. Linapigwa na mtu mmoja, lakini ukifumba macho huwezi kuamini.

Ukitaka kuelewa, ndugu msomaji, weka mikono miwili mezani. Piga haraka haraka, mapigo yaliyo sawa, mikono yote pamoja. Sasa tia mkazo pigo la kwanza, hesabu tatu. Tia mkazo tena, hesabu tano. Tatu na tano, jumla nane. Mikono yote miwili inakazia mahali pamoja, na mtoto wa darasa la pili anaweza. Kisha mtunzi anauibia mkono wa kulia pigo moja. Badala ya nane unapata saba. Kuanzia hapo mkono wa kulia unafika pigo moja kabla ya wa kushoto, na mbele kidogo anauibia tena, na tena, hata mikazo ya mikono hiyo inatupana kabisa. Mkono wa kulia unapiga vibao vyeupe tu, wa kushoto vyeusi tu, kwa hiyo hata sauti zao hazikulelewa nyumba moja. Wimbo wa kulia unapanda ngazi kidogo kidogo, wa kushoto unashuka. Wapiga piano wakubwa wa dunia wanakiheshimu sana kipande hiki, na wengine wanakiogopa.

Jambo ambalo lilimshika baba wa nyumba ni hili: hakuna mkono uliokosea. Kila mmoja umeshika hesabu yake barabara. Vurugu iko katikati yao.

Na wazo hilo Ligeti hakulitoa Ulaya peke yake. Mwaka 1982 mwanafunzi wake, Roberto Sierra wa Puerto Rico, alimpa sahani ya santuri yenye muziki wa Wabanda-Linda wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, uliorekodiwa na mtafiti Simha Arom. Ni watu wanaopuliza pembe, kila mmoja ana sauti moja tu na mahali pake pa kuipuliza, na zote zikikutana zinakuwa wimbo. Tena yako mambo ya jirani zetu wa karibu zaidi, ng'ambo ya mto Kagera. Katika Buganda iko marimba ya vibao 12 iitwayo amadinda. Vibao vyake huchongwa kwa mti wa lusambya, ambao huku kwetu ni msambya, na hulazwa juu ya vigogo viwili vibichi vya mgomba. Wapigaji wawili huketi wakitazamana. Wa kwanza anapiga mapigo yake yaliyo sawa, wa pili anaingiza ya kwake katika nafasi zilizobaki, na wa tatu anakazia kwenye vibao viwili vya mwisho. Mwaka 1959 kijana kutoka Austria, Gerhard Kubik, alifika Kampala akajifunza kuipiga kwa mwalimu Evaristo Muyinda, aliyekuwa mwanamuziki wa Jumba la Makumbusho la Uganda. Kubik akaandika kwamba msikilizaji wa amadinda husikia nyimbo ambazo hakuna hata mmoja wa wapigaji anayezipiga. Sikio lenyewe linaziokota katikati ya mikono yao. Maandishi ya Kubik nayo yalimfikia Ligeti.

Binti alipofika hapo katika maelezo yake, bibi aliacha kuchambua kahawa.

Alituambia kwamba marehemu babu, kama vijana wengi wa Karagwe wa siku zile, alivuka kwenda Buganda kutafuta kazi ya mashamba kabla ya Uhuru. Aliporudi hakuleta fedha nyingi, ila alikuwa na habari za marimba iliyolazwa juu ya migomba. "Alisema unamtazama huyu, anapiga kitu kile kile. Unamtazama yule, kitu kile kile. Wimbo unatoka katikati, hujui nani anaupiga."

Baba wa nyumba alikuwa hajalisikia hilo maisha yake yote. Babu alikuwa mzee wa kanisa, na mbele ya watoto wake hakupata kutaja ngoma. Bibi akasema alipokuwa msichana anayefundishwa ubatizo, katekista aliwaambia ngoma ni mambo ya giza, wakaziacha, na waliopenda kuzisikia walizisikia kwa mbali, wakiwa wamelala.

Hili lilituumiza kidogo. Karagwe ni nchi ya ngoma tangu zamani. Mwingereza Speke alipofika kwa mfalme Rumanyika mwaka 1861 alikuta wapiga ngoma na wapulizaji wa ikulu, na aliandika habari za ngoma zilivyopigwa mwezi ulipoandama. Siku hizi kanisani kwetu ngoma zinakaa kando ya kinanda, kwaya inaimba, na hakuna anayekumbuka kwamba yupo mtu aliyewahi kutubu kwa ajili yake. Lakini babu alikwenda kaburini na marimba yake kifuani. Mwanawe alimfahamu kuwa mtu mkimya.

Usiku ule ule, kwa mwanga wa taa ya sola, binti alituomba tuwe mikono yake. Baba awe wa kushoto, asibadilishe kitu: tatu, tano, tatu, tano. Mama awe wa kulia, na kila baada ya mizunguko mitatu aache pigo moja.

Mama wa nyumba hakuweza. Anakiri mwenyewe. Kila alipoacha pigo lile alijikuta, bila kujua, amerudi kwenye hesabu ya mumewe.

"Usinifuate," baba akasema.

"Nimezoea kukufuata."

Kimya. Bibi akacheka peke yake pembeni, akacheka mpaka akakohoa. Tukaanza upya. Mara baba naye akapotea akamfuata mama, akakasirika, akasema meza ina mguu mfupi. Tulijaribu hadi saa nne usiku, watu wenye umri wetu, tukigonga meza kama watoto. Mara moja tu tulifaulu, labda mizunguko sita. Ni vigumu kueleza. Unamsikia mwenzako waziwazi, kila pigo lake, na huendi aliko, wala humkimbii. Unakaa palipo pako. Na pale katikati, kweli kabisa, kulikuwa na kitu cha tatu kinachogonga.

Tulipochoka, baba akauliza huku akiitazama meza, "Mkopo wa kikundi umebaki kiasi gani?"

Mama akamtajia.

"Kahawa itaumaliza," akasema.

Mama wa nyumba anasema ni ule muziki uliofungua mlango. Baba anasema la, alikuwa amechoka kununa, na msimu wa kahawa hauendeshwi na watu wasiosemezana. Hatujakubaliana, kwa hiyo tumeandika yote mawili.

Siku zilizofuata binti alitusimulia habari za huyo Ligeti tukiwa tunageuza kahawa. Baba yake alitaka awe mwanasayansi. Masomo ya piano aliyaanza akiwa na miaka 14, umri ambao kwa piano ni kuchelewa sana, na hadi uzee alisema mwenyewe kwamba mikono yake si hodari, na kwamba mazoezi yale yalizaliwa na upungufu wake huo. Baba wa nyumba, ambaye hoja yake kubwa siku zote ilikuwa "umechelewa," alinyamaza akaendelea kugeuza kahawa kwa mguu.

Lakini mama wa nyumba alishikwa na jambo jingine. Katika vita kuu ya pili familia ile ilitawanywa kwenye kambi za Wanazi. Baba yake Ligeti alifia huko. Ndugu yake mdogo, kijana wa miaka 16, alifia kambi nyingine. Mama yao, aliyekuwa daktari wa macho, alipelekwa Auschwitz akarudi akiwa hai. Mama wa nyumba alikaa na habari hiyo kwa siku kadhaa. Mwanamke amerudi kutoka mahali kama pale, mume hayupo, mtoto mmoja hayupo, na huyu aliyebaki amechagua kupiga piano. Je, ungemwambia nini? Sisi tungemwambia akapike apendacho kwanza. Baadaye ndipo tungekuja na ya ada.

Tusidanganyane, kosa la binti lilibaki kosa. Fedha ile haikurudi, na bibi alipika akiinama masika mengine tena. Mama naye alimwomba msamaha mumewe kwa ajili ya mabati, siyo kwa ajili ya kinanda, na tofauti hiyo baba aliielewa vizuri ndiyo maana hakuipenda. Binti alirudi chuoni Oktoba 2023. Baba alilipa nusu ya ada, nusu nyingine aliitafuta mwenyewe kwa kufundisha kinanda kwaya za mjini kila Jumamosi. Alimaliza mwaka 2025. Tulifanya sherehe, tukachinja mbuzi.

Wala ajira hakupata. Anajitolea katika zahanati moja upande wa Kyerwa, anachoma sindano na kupima wajawazito, na mwisho wa mwezi anapewa nauli. Mara nyingine mama wa nyumba huwaza kwamba tulimtoa kwenye muziki kwa ajili ya mshahara ambao haupo. Baba hapendi mazungumzo hayo. Anasema uuguzi hauozi. Binti mwenyewe amekwisha kuandika maombi ya kwenda kusomea muziki, na safari hii alituletea karatasi tukazisoma kabla hajazituma. Majibu hayajaja.

Jiko la bibi lilipata mabati mwaka 2024. Ubao uliobaki, wa msambya, baba aliuranda akatengeneza kibao cha kuwekea kinanda. Aliukata bila kupima, ukawa mrefu kuliko kinanda chenyewe upande wa kulia, na hakutaka kuupunguza.

Binti anapokuja mwisho wa wiki hupiga Désordre polepole sana, ukurasa wa kwanza tu, na mara nyingine hujaribu mistari ya mwisho, pale muziki unapopanda hadi juu kabisa ya piano. Piano kamili ina vibao 88. Chake kina 61. Kwa hiyo mkono wa kulia unapanda, unapanda, unafika kibao cha mwisho, na muziki bado haujaisha. Vidole vinaendelea kwenye ule ubao wa msambya. Hapo hausikii sauti ya muziki, unasikia kugonga tu. Bibi akiwa jikoni huacha kuchochea moto. Na baba wa nyumba, ambaye redio yake iko wazi na haisikilizi, anapiga kidole kimoja gotini: tatu, tano, tatu, tano.